Nukta Moja

Miaka sita nimeishi chini ya filamu zake.
Si kuziona. Kuzipokea kwa nyayo,
kwa sahani kabatini, kwa kijiko
kinacholia chenyewe ndani ya glasi ya chai.
Maneno yote yalibakia ghorofa ya nne;
kilichonishukia ni ngurumo tu,
kama barua iliyofutika maandishi, ukasalia muhuri.

Nikagonga dari kwa mpini wa ufagio.
Nikagonga tena Jumapili.
Jumatatu akashuka Kornel, keki ya mbegu za mpopi mkononi,
masikio yamemwiva:
"Bi Bogumiła, niwie radhi. Ni ile nukta moja."
"Nukta gani?"
"Panda uone."

Sebule ndogo kama yangu, ila imezingirwa.
Akanikalisha katikati ya kochi, sentimita kwa sentimita,
kisha akaanza somo.

Zamani zilikuwa mbili, kushoto na kulia,
na ukikaa pembeni, mwimbaji anakufuata huko huko pembeni.
Ikaja ya kati, chini ya skrini: hiyo hubeba mazungumzo.
Watu wakinong'ona usishike neno, ilaumu hiyo.
Mbili ubavuni, zikawa tano.
Mbili kisogoni, saba.
"Na nukta?"
Akaelekeza kidole kwenye sanduku jeusi
karibu na rafu ya viatu.
Haihesabiwi nzima, akasema, kwa sababu inabeba kipande tu,
sauti za chini kabisa, zisizo na neno wala upande.

Haihesabiwi nzima!
Na ndiyo pekee iliyowahi kunitembelea.

Halafu akainua macho. Nne nyingine, darini.
"Siku hizi sauti haipewi spika. Inapewa mahali.
Ndege hapa, juu ya taa. Mlango pale.
Mashine yenyewe inatafuta spika za kuifikisha."
Alisema kama aliyegundua bara.

Nikamwacha amalize.
Miaka thelathini na mmoja nilisimama
katika ukumbi wa kufumia, hapa hapa Łódź,
mitambo mia mbili na arobaini,
na vyuma vikala nusu ya masikio yangu.
Hatukusikizana; tulisomana midomo.
Lakini uzi ulipokatika kwenye mtambo wa kumi na saba,
nyuma, kushoto, karibu na dirisha lenye ufa,
niligeuka kabla taa yake haijawaka.
Hakuna aliyeniambia kwamba hilo lina jina,
wala aliyeniuliza kama kiti kinanifaa.
Kiti hakikuwepo.

Akazima taa. Mvua ikaanza darini,
na mimi, mtu mzima, nikajifunika kichwa kwa kiganja.
Gari likatoka mbele, likapita bega langu la kulia,
likazunguka nyuma yetu.

"Simamisha."
"Limekutisha?"
"Limeruka. Lilikuwa kulia, likaibukia nyuma kushoto,
likarudi nyuma kulia, ndipo likafika kushoto.
Gari haliendi hivyo hata likiendeshwa na mlevi.
Umepishanisha nyaya za kisogoni."

Akaingia nyuma ya kochi na tochi mdomoni.
Kimya. Kisha neno moja ambalo silirudii.
"Mwaka na nusu," akasema kutoka sakafuni.
"Mwaka na nusu nimekaa hapo ulipokaa."

Tukala keki. Ilikuwa kavu.

Sasa ameweka mpira mzito chini ya sanduku,
na ufagio wangu umerudi kufagia.
Ngurumo hufika imechoka, kama mgeni
aliyepanda ngazi, si aliyezishuka.
Usiku nalala chali, naingoja.
Inapokuja, bila neno, bila upande,
naigawa mwenyewe: mvua, juu ya taa;
gari, bega la kulia;
na nyuma, kushoto, karibu na dirisha,
uzi unakatika, nami nageuka.